Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Kazi ya Vyama vya Elimu ya Viumbe Mbele ya Watu



Liko swali ambalo halikosi kuzuka kila wakulima wanapokaa baraza moja na wataalamu. Swali lenyewe ni hili: Je, vyama vya wataalamu wa elimu ya viumbe, yaani watu wachunguao miti, wadudu, kuvu na wanyama, kazi yao ni kukaa na darubini zao na kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, au yawapasa pia wasimame mbele ya watu na mbele ya Serikali, waseme waliyoyaona na kuyatetea? Wako wasemao kwamba mtaalamu akishaingia kwenye mabishano ya watu amekwisha kuwa mwanasiasa, na elimu yake haiaminiki tena. Wako wengine wasemao kwamba elimu iliyofungiwa sandukuni ni sawa na karafuu iliyoachwa ikaoza juu ya jamvi: ilichumwa kwa taabu, na haikumfaa mtu.

Badala ya kulijibu swali hili kwa maneno matupu, nimeona bora niwaeleze habari za wakulima wenzetu wa nchi ya mbali, waliokuwa wakilima mizabibu kusini mwa Ufaransa katika karne ya 19. Najua kwamba mizabibu yao waliipanda kwa ajili ya mvinyo, kitu ambacho sisi hatukinywi. Lakini mti ni mti, na mkulima ni mkulima, na deni la dukani halimwulizi mtu anakula nini wala anakunywa nini. Watu wale walifanana na sisi kwa jambo moja kubwa: wilaya nzima ilitegemea zao moja. Zao likistawi, watoto huenda skuli na nyumba huezekwa; zao likifa, hufa na mengi pamoja nalo.

Maradhi yasiyo na jina

Mnamo mwaka 1863, katika vijiji vya wilaya ya Gard, karibu na mto Rhône, mizabibu ilianza kunyauka pasipo sababu iliyojulikana. Majani yaligeuka manjano, kisha yakawa mekundu pembeni, kisha yakapukutika kabla ya wakati wake. Zabibu zilikauka kabla ya kuiva, na baada ya mwaka mmoja au miwili mti ukafa. Mwenye shamba alipoung'oa mti uliokufa aliona mizizi myeusi iliyooza, wala hakuona kitu kingine. Maradhi yalianza kwa miti michache katikati ya shamba, kisha yakaenea pande zote, kama tone la mafuta lililodondoka juu ya kanzu.

Kama ilivyo desturi ya wanadamu, kila mtu alikuwa na sababu yake. Huyu alisema ni baridi, yule alisema ni ukame. Mwingine akasema ardhi imechoka kwa kulimwa zao moja miaka mingi. Na mwingine akasema kwamba mizabibu imezeeka, maana imezalishwa kwa vipandikizi tangu enzi na enzi. Maneno yalikuwa mengi, na miti iliendelea kufa.

Watu watatu na jembe

Katika mji wa Montpellier kulikuwa na Chama cha Kilimo cha wilaya ya Hérault. Hakikuwa chama cha maprofesa peke yao, wala hakikuwa cha wenye mashamba peke yao. Kilikuwa cha wote wawili, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Mwaka 1868 wenye mashamba wa upande wa pili wa mto Rhône walitaka msaada, na chama kikachagua watu watatu waende wakatazame. Wa kwanza alikuwa Gaston Bazille, mwanasheria na mwenye mashamba ya mizabibu. Wa pili alikuwa Félix Sahut, mtu wa bustani na miche. Wa tatu alikuwa Jules-Émile Planchon, profesa wa elimu ya mimea pale Montpellier, ambaye katika ujana wake alipata kufanya kazi katika bustani mashuhuri ya Kew, Uingereza.

Tarehe 15 Julai, 1868, watu hawa walikuwa shambani karibu na mji wa Saint-Rémy. Waling'oa miti iliyokufa, wakaona yaleyale waliyoyaona wengine: mizizi iliyooza, basi. Ndipo wakafanya jambo ambalo halikuwa desturi. Waliiacha maiti, wakaufukua mzabibu ulio hai, jirani ya ile iliyokufa, ambao ulionesha dalili chache tu. Walipoitazama mizizi yake kwa kioo cha kukuzia, waliona vidudu vya rangi ya manjano, vidogo kiasi cha milimita moja, maelfu kwa maelfu, vimeng'ang'ania mizizi na kufyonza utomvu wake. Mti uliokufa haukuwa navyo kwa sababu vilikuwa vimekwisha kuuhama. Hakuna mgeni anayekaa nyumba isiyo na chakula. Watu walikuwa wakiyatafuta maradhi mahali yalipokwisha kupita.

Planchon alimwangalia mdudu huyu kwa makini, na baadaye mwaka huohuo akampata mwenye mbawa pia, ndipo ikajulikana vipi huruka shamba hata shamba. Alimpa jina la filoksera mwangamizi. Ni wa jamaa ya wale vidukari tuwaonao kwenye machipukizi ya mimea yetu. Jike lake huzaa bila ya dume, kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu hiyo mdudu mmoja akiingia shambani, haupiti muda mrefu ila shamba limejaa.

Sababu au matokeo?

Mtu angedhani kwamba habari hii ingepokelewa kwa furaha. Sivyo ilivyokuwa. Katika mji wa Paris walikuwako wataalamu wakubwa wa wadudu, miongoni mwao Victor Signoret, waliosema kwamba mdudu si sababu ya maradhi bali ni matokeo yake. Walisema: mzabibu umedhoofika kwanza, kwa hali ya hewa au kwa kilimo kibaya, na mdudu amekuja baadaye, kama inzi ajavyo kwenye kidonda. Rai hii haikuwa ya kipumbavu. Twajua sote kwamba mti dhaifu huvutia wadudu. Tena iliwapendeza watu wengi, kwa maana ikiwa kosa ni la hali ya hewa, hapana la kufanya ila kungoja mwaka mwema.

Hapa ndipo tunapoiona kazi ya chama. Lau Planchon angekuwa peke yake, angeandika makala yake, akajibiwa na wakubwa wa Paris, na jambo likaishia kwenye makabati ya vitabu. Lakini nyuma yake palikuwa na chama kilichojaa wakulima waliofukua mizizi kwa mikono yao. Chama kiliitisha mikutano, kikapeleka watu mashambani, kikaandika taarifa katika jarida lake, na kikawaalika wenye shaka waje waone wenyewe. Hakikusema, "Aminini kwa kuwa profesa amesema." Kilisema, "Chukua jembe, fukua mti ulio pembezoni mwa doa, na utazame."

Na hoja kubwa kabisa ilitoka kwa mkulima. Louis Faucon, mwenye shamba katika kijiji cha Graveson, aliona kwamba akilifunika shamba lake kwa maji wakati wa baridi kwa muda wa siku arubaini hivi, wadudu hufa na mizabibu hurudia uhai wake. Ardhi ni ileile, hewa ni ileile, mti ni uleule. Kilichoondoka ni mdudu tu, na maradhi yameondoka pamoja naye. Hapo watu wenye kutaka haki waliona kwamba mdudu ndiye sababu. Wakulima wengine wakaona kwamba mizabibu iliyopandwa kwenye mchanga mtupu wa pwani, kama kule Aigues-Mortes, haipatwi na maradhi, kwa kuwa mdudu hawezi kutembea katika mchanga ule. Tazameni basi: elimu ya darubini na elimu ya jembe zilikuwa zikisaidiana.

Watu wa dawa na watu wa Amerika

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia, na mambo mengi yakasimama. Bazille, yule aliyekuwa mmoja wa wale watatu, alimpoteza mwanawe Frédéric, mchoraji wa picha, aliyeuawa vitani mwezi wa Novemba mwaka huo. Juu ya msiba huo aliendelea na kazi ya chama.

Vita vilipokwisha, Akademia ya Sayansi ya Paris iliunda kamati yake, chini ya mwanakemia mashuhuri Jean-Baptiste Dumas. Serikali ilitangaza zawadi kwa atakayevumbua dawa, na mwaka 1874 zawadi hiyo ikapandishwa hadi faranga 300,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Basi kila mwenye wazo akaleta wazo lake. Wako walioshauri kumzika chura hai chini ya kila mzabibu, na wako walioshauri mkojo wa ng'ombe. Karibu na Montpellier, mahali paitwapo Las Sorres, watu wa Hérault walitenga shamba la majaribio, na kuanzia mwaka 1872, mwaka uleule ambao tufani iliiangusha mikarafuu ya Unguja, walijaribu mamia ya dawa hizo moja baada ya moja, hata zile za kuchekesha. Yapasa kulisifu jambo hili. Ni rahisi kumcheka mtu na chura wake. Lakini mtu aliyechekwa hasadiki, na mtu aliyeoneshwa matokeo ya shamba husadiki. Takriban zote hazikufaa kitu, na hilo nalo lilikuwa faida, kwa kuwa lilimwokoa mkulima asitupe fedha zake.

Dawa moja ilikuwa na nguvu ya kweli, nayo ni disulfidi ya kaboni, maji yenye harufu mbaya na yenye kuwaka upesi, ambayo yalidungwa ardhini kwa bomba. Iliwaua wadudu, na ikizidi kipimo iliua na mzabibu pia. Tena sharti irudiwe kila mwaka, na gharama yake ilikuwa kubwa. Tajiri mwenye zabibu za bei aliweza. Mkulima mdogo hakuweza. Hata hivyo wakubwa wa Paris, ambao wengi wao walikuwa wanakemia, waliipendelea njia ya dawa.

Watu wa Montpellier walikuwa wakiitazama njia nyingine. Mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, Charles Valentine Riley, alikuwa amethibitisha kwamba filoksera wa Ufaransa ndiye yuleyule aishiye juu ya mizabibu ya mwitu ya Marekani. Mwaka 1871 alikuja mwenyewe Ufaransa akaona. Sasa swali likawa: ikiwa mdudu huyu ni mwenyeji wa Marekani, kwa nini mizabibu ya Marekani haijakwisha? Jibu lilikuwa katika elimu ya viumbe. Mdudu na mzabibu wa kule wameishi pamoja zama nyingi mno. Mizabibu isiyoweza kustahimili imekufa zamani, na iliyobaki ni ile ambayo mizizi yake ikiumwa hujifunga ganda jipya chini ya kidonda. Mzabibu wa Ulaya haukupata kukutana na adui huyo, kwa hiyo haukuwa na ngao yoyote. Naye Léo Laliman, mkulima wa Bordeaux, alikwisha kusema mwaka 1869 kwamba katika shamba lake mizabibu fulani ya Kimarekani imesimama hali ya Kifaransa imekufa.

Mwaka 1873 Planchon alipelekwa Marekani kwenda kuyahakikisha haya. Alirudi na habari kwamba iko mizabibu inayostahimili. Na rai ambayo Bazille alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitoa ikapata msingi: chukua shina la mzabibu wa Kimarekani lenye mizizi yake, na juu yake ubebeshe kijiti cha mzabibu wa Kifaransa. Chini mti wa kigeni unaostahimili mdudu. Juu mti wa nyumbani wenye zabibu zilezile wanazozijua watu. Hapana dawa ya kununua kila mwaka, wala hapana haja ya maji ya mto.

Hapo nchi ikagawanyika makundi mawili: watu wa dawa na watu wa Amerika. Watu wa dawa walisema: "Mdudu ametoka Amerika, nanyi mwataka kutuletea Amerika zaidi?" Nalo lilikuwa neno lenye uzito.

Makosa ya wenye haki

Nisingependa mwanachama yeyote adhani kwamba chama cha Montpellier kilikuwa hakikosei. Katika shauku ya mwanzo, mizabibu ya Kimarekani iliagizwa kwa wingi bila ya kupambanuliwa vya kutosha. Aina iitwayo Concord, mathalan, ilisifiwa na kupandwa, kumbe si yenye kustahimili kama ilivyodhaniwa, na waliotia fedha zao humo walipata hasara. Aina nyingine zilistahimili mdudu lakini zikakataa ardhi ya chokaa, majani yakawa meupe na mti ukafa kwa njaa. Tena mwaka 1878 Planchon mwenyewe alitambua kwamba ugonjwa mwingine kutoka Marekani umekwisha kuingia mashambani, nao ni ukungu wa majani, ambao yaelekea ulikuja pamoja na miche hiyohiyo.

Lakini tazameni walivyofanya. Hawakuyaficha. Kule Montpellier, Gustave Foëx wa Skuli ya Kilimo alikusanya aina nyingi za mizabibu akazipanda pamoja, ili ionekane wazi ipi hustahimili na katika ardhi gani. Mwaka 1887 Pierre Viala alikwenda Marekani kutafuta mizabibu ipendayo ardhi ya chokaa, akasaidiwa na T. V. Munson wa Texas, na mizabibu iliyopatikana katika milima ya chokaa ya kule ikawa msingi wa mashina yaliyowafaa watu wa Cognac na wengineo. Na kwa ule ukungu, Alexis Millardet, mtaalamu wa mimea wa Bordeaux, aliona kwamba mizabibu ya kando ya njia, iliyopakwa mrututu na chokaa ili kuwatisha wezi wa zabibu, haina ugonjwa. Akaijaribu, na mwaka 1885 akaitangaza dawa ambayo mpaka leo wakulima wa dunia nzima waijua: mrututu na chokaa ndani ya maji.

Kwa hiyo heshima ya chama haikutokana na kutokosea. Ilitokana na kulitangaza kosa mahali palepale kilipotangazia ushindi. Chama kinachosema kweli siku za faida tu, siku za hasara hakitasikilizwa.

Serikali, sheria na wakulima

Mdudu hajui mpaka wa shamba, wala hajui hati ya kumiliki. Mkulima mmoja akisafisha shamba lake na jirani asisafishe, kazi ni bure. Ndiyo maana jambo hili halikuweza kubaki la hiari ya kila mtu. Lilihitaji sheria, na vyama ndivyo vilivyoipelekea Serikali hoja zake. Mwaka 1878 Ufaransa ilitunga sheria ya kuzuia miche isipelekwe wilaya zilizo salama na ya kuyatibu madoa mapya. Mwaka huohuo mataifa kadhaa ya Ulaya yalikutana mjini Bern, Uswisi, wakafanya mapatano ya kumzuia filoksera. Mapatano hayo ni babu wa Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa mwaka 1951, uliofanywa chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Basi ndugu, ofisa wa bandarini anapomwuliza mtu cheti cha miche aliyoibeba, ajue kwamba swali lile lina asili yake katika mizizi ya mizabibu iliyofukuliwa karne ya 19.

Walakini sheria peke yake haikutosha. Katika nchi ya Burgundy mwaka 1879, wako wakulima waliowafukuza watu waliotumwa kutia dawa katika mashamba yao. Mtu wa mbali atasema ni ujinga. Mimi nasema tutazame kwanza. Mtu anakuja na bomba la dawa inukayo, anasema mizabibu yako hii mibichi ni migonjwa, na dawa yenyewe yaweza kuiua. Hukuoneshwa mdudu, hukuulizwa rai, na hasara ni yako. Nani asingeshika fimbo? Kule Hérault mkulima aliletewa habari na chama chake mwenyewe, na alioneshwa mzizi kabla ya kuambiwa la kufanya. Baadaye wakafunguliwa hata madarasa ya kubebesha, mkulima akafundishwa kwa kisu mkononi mwake. Tofauti haikuwa kwamba watu wa kusini walikuwa na akili zaidi. Tofauti ilikuwa nani amebeba habari, na ameibeba vipi.

Hasara ilikuwa kubwa mno hata hivyo. Mwaka 1875 Ufaransa ilipata kiasi cha hektolita milioni 84 za mvinyo. Mwaka 1889 ilipata milioni 23 tu. Familia nyingi ziliyaacha mashamba yao, na wengine wakahamia Algeria. Njia ya kubebesha ilishinda mwishowe, wilaya baada ya wilaya, na mizabibu mingi ya Ulaya hata leo inasimama juu ya mizizi yenye asili ya Marekani. Ile zawadi ya faranga 300,000 hakupewa mtu. Planchon alifariki mwaka 1888, na mwaka 1894 watu wa Montpellier walimjengea ukumbusho, na chini ya sanamu yake wakaweka sanamu ya mkulima wa mizabibu.

Yatuhusuyo sisi

Sasa turudi nyumbani. Mkarafuu nao ni mgeni kwetu; asili yake ni visiwa vya Maluku, na ulitufikia kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi ambako Wafaransa walikwisha kuupanda. Mti unaosafiri huja na riziki, na waweza kuja na maradhi. Wazee wetu waliyaona maradhi ya kifo cha ghafla, mkarafuu mkubwa uliostawi ukinyauka na kukauka wote kwa muda mfupi. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, waliyachunguza maradhi ya mikarafuu hapa Zanzibar, wakaeleza habari za kuvu liitwalo Valsa eugeniae. Taarifa zao zilichapishwa katika majarida ya wataalamu, kwa Kiingereza. Mwanachama na ajiulize: katika yaliyoandikwa mle, ni mangapi yaliyofika kwenye shamba la babu yake kwa lugha aliyoielewa?

Hilo ndilo jibu langu kwa swali tulilolianza. Chama cha elimu ya viumbe kina haki ya kusema mbele ya watu, tena ni wajibu wake, kwa masharti matatu. Kwanza, kiseme kile kilichokiona, na kimwoneshe mtu mahali pa kukiona mwenyewe. Pili, kikikosea kiseme kwamba kimekosea, kwa sauti ileile. Tatu, kisiende peke yake bali kifuatane na wenye mashamba, kwani wao ndio watakaolipa gharama ya kila shauri. Akademia ya Paris ilikuwa na wataalamu wakubwa, na kazi yao ilikuwa na faida. Lakini mzizi ulifukuliwa kwanza na chama kidogo cha wilaya.

Na sisi wakulima pia tuna wajibu wetu, wala tusiwaachie wataalamu mzigo wote. Mwanachama akiona mkarafuu unaanza kunyauka, asingoje mpaka uwe kuni ndipo alete habari. Maiti ya mti haisemi mengi. Mti ulio hai jirani yake ndio wenye siri. Aandike tarehe aliyoona dalili, ni mti wa umri gani, uko bondeni au mlimani, na mingapi ya jirani imefuata. Asichukue miche kutoka shamba lenye maradhi kumpa ndugu yake kwa wema, maana wema huo waweza kuwa msiba. Na bwana shamba akija, tusimpokee kwa ubishi wala kwa kuitikia tu "ndiyo bwana." Tumwambie: "Tuoneshe." Akituonesha, tumsaidie kuwaonesha wengine.

Halafu chama chetu kikusanye habari hizo za mashamba mia, kizipeleke kwa watafiti na kwa Serikali zikiwa na hesabu na tarehe, si kwa manung'uniko. Mkulima mmoja akisema mikarafuu yangu inakufa, ataambiwa shamba lake baya. Wakulima mia wakileta daftari moja lenye miti, miezi na mahali, hapana ofisi itakayoweza kulifunga jalada lile upesi.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Profesa alikuwa na kioo cha kukuzia, na mkulima alikuwa na jembe. Kila kimoja peke yake kilikwisha kushindwa.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama